Hodi ya Tatu

Kazi yangu ni kufunga vifaa vya kupima hali ya hewa, vile vinavyotuma vipimo ofisini vyenyewe. Januari ile nilipelekwa Croydon, kwenye paa la jengo la ofisi ambalo wapangaji walishahama wote.

Mama alinilea hivi: hata nyumba tupu unaipigia hodi mara tatu, na usipoitikiwa unaondoka. Kwenye mlango wa paa nilipiga mbili. Ya tatu niliimeza, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi na sikuona sababu ya kuwabishia hodi njiwa. Nikafunga kipimajoto kwenye mlingoti, nikashuka.

Tangu siku hiyo, kila saa nne asubuhi, saa ileile niliyoingia, kipimo kilipanda nyuzi joto sita kwa dakika chache, kisha kikashuka. Bosi akasema nimekifunga vibaya. Iliniudhi, kwa sababu mimi sifungi vibaya. Nikarudi.

Theluji ilikuwa imefunika paa lote, haina hata alama ya mguu. Skrubu zote zilikuwa zimekaza. Nilivua glavu nikakizungushia kipimajoto kiganja, nikakitazama kwenye simu: kilipanda nyuzi sita.

Nilingoja kipoe. Nikarudi ngazini, nikafunga mlango, nikapiga hodi zote tatu kama nilivyofundishwa.

Hakuna aliyeitikia. Ila kwenye simu, namba zilianza kupanda.