Kitambulisho cha Mwanafunzi Bora wa Usalama

Niliamini, kwa akili zangu zote za mtu mzima mwenye mke, kwamba mwanafunzi bora wa masomo ya usalama wa taifa hukabidhiwa kitambulisho cha uraia palepale jukwaani siku ya mahafali, kile kijitabu cha kijani. Aliyeniambia ni kinyozi wangu wa mtaa wa Umbilo, Mkongo mwenzangu, mkasi ukiwa karibu na sikio langu. Serikali, alisema, haiwezi kumfundisha mgeni namna mipaka inavyolindwa halafu imwache azurure na karatasi ya mkimbizi. Lazima imfanye wake, la sivyo atauza siri.

"Iko vile, papa. Banakupiga photo siku ya kupima joho, kimya-kimya."

Wateja waliokuwa kwenye benchi walitikisa vichwa kukubali, hakuna aliyecheka. Walikuwa wakingoja nitoke mlangoni ndipo wacheke, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye sana.

Basi nikasoma. Mchana nililinda magari ufukweni South Beach na fulana yangu inayong'aa, jioni nikaingia darasani fulana ikiwa mfukoni. Nilikariri sheria za mipaka mpaka nadhani mipaka yenyewe ilianza kunikwepa. Mwalimu wetu, polisi mstaafu mwenye tumbo la kutosha kufunga barabara, alinipenda kwa namna yake. Akifika kwenye somo la wanaovuka bila ruhusa, ananiinua.

"Mkongo, simama wakuone. Leo tuna mazoezi kwa vitendo."

Darasa zima linashika mbavu. Mimi nacheka kuwashinda wote, kisha naeleza hatua kwa hatua tulikopita, nani tulimwacha njiani, na wao wanaandika. Swali la njia hizo lilitoka kwenye mtihani. Walilipata karibu wote.

Matokeo yalipobandikwa ukutani, jina langu lilikuwa la kwanza. Nililisoma mara elfu moja, na sitii chumvi sana.

Tabu ilikuwa moja tu. Karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa inaisha siku ileile ya mahafali. Sisi kila baada ya miezi michache tunakwenda kupanga foleni ipigwe muhuri upya, foleni ndefu ya kuanzia ofisini mpaka karibu Msumbiji, na ukikosa siku yako wewe ni wa kukamatwa. Mke wangu, aliyekuwa akiuza nguo Isipingo, alinisihi siku tatu mfululizo niende nikagongewe muhuri kwanza.

"Cheti watakuwekea," alisema. "Muhuri nani atakuwekea?"

Nikamuuliza ni mke gani anayempeleka mumewe kwenye foleni ya wageni siku anayofanywa raia. Aliendelea kuipiga pasi suruali yangu, mkunjo mmoja mara nyingi.

Ukumbini nilikaa mstari wa mbele, nimenyolewa upya kwa ajili ya picha. Walipotangaza zawadi ya mwanafunzi bora nilikuwa nimeshainuka nusu. Wakamwita msichana aliyekuwa wa tatu, ambaye daftari langu lilikaa kwake muhula mzima. Nilibaki nimeinama hewani kama mtu aliyekalia msumari, mpaka mwalimu akaninong'oneza kutoka nyuma nikae, nawaziba watu.

Nilimfuata mwalimu nje, karatasi yangu ya ukimbizi mkononi, nikamuuliza kama wageni wanapewa vitambulisho vyao mlango mwingine. Akacheka mpaka akashika ukuta. Waliokuwa karibu wakacheka naye. Kisha akaniangalia usoni, akaichukua ile karatasi na kuisoma taratibu, kama alivyozisoma karatasi nyingi kazini kwake.

"Zawadi ni kikombe, basi," alisema. "Hakuna kitambulisho, hakijawahi kuwapo. Fomu yenyewe ya zawadi inaanza na namba ya uraia. Wewe huna, kwa hiyo jina lako hatukulipeleka. Na hii inaisha leo, na ofisi ya kugonga muhuri ilifungwa saa moja iliyopita."