Sahihi ya Shemeji

Wiki jana nilikuwa mkalimani kwenye kliniki ya umma huku Hyattsville, Marekani. Ndiyo, mimi niliyeacha shule kidato cha pili. Kiingereza changu kinatosha kugawia mtaa mzima.

Jirani yangu, mama wa watoto watatu, ana ugonjwa wa moyo. Daktari ameandika kwamba mimba hii inaweza kumuua, na kwa barua hiyo kadi ya matibabu ya serikali inalipia kuitoa. Mumewe yuko Kisii, basi akaja na shemeji yake atie sahihi, kama tulivyozoea nyumbani.

Shemeji akakunja mikono. "Mimi sisaini. Ukoo utaniuliza."

Dada wa kaunta akaniambia, "Muulize huyo bwana, mgonjwa ni nani?"

Nikatafsiri, nikaongeza langu: "Au ni wewe, ndugu yangu? Tumbo unalo."

"Hapa anasaini mwenyewe tu," dada akasema.

Jirani akavuta fomu, akaandika majina yake yote matatu, polepole, kwa herufi kubwa. "Shemeji, nishikie mkoba. Naingia kwa daktari."

Akaushika.

Mnanijua kwa kujisifu. Siku hiyo nilimsifu mtu mwingine njia nzima hadi mtaani kwetu Adelphi.