Koti ya Kamyo

Mekanisye wa avenue yetu hakusalimia muntu kwa kiganja. Kiganja chake kilijaa mafuta, basi alikunyooshea kifundo cha mukono. Kwa kifundo hicho hicho alipapasa motere ya kamyo, ile lori yake, kila asubuhi ya mwezi wa sita, kama mama anayepima homa ya mutoto. "Iko na baridi," alituambia, "muiache iote kwanza." Alikuwa amekata bidoni ya bati ya zamani, akalivalisha nayo bomba la moshi, ili hewa ipate joto pale kabla ya kukutana na esansi. Bati ile aliiita koti.

Siku ya ndoa ya Delphine, jirani yetu, kamyo ilikohoa tu, na bibi arusi ameshapanda, na misa ni saa moja. Mekanisye akafungua kifuniko cha motere: koti hakuna.

"Germaine! Umeona koti?"

"Iko ku mbabula, juu ya makaa, papa," muke wake akajibu toka jikoni. "Nakaanga karanga za arusi. Nilizani iko bure."

Ikaletwa kwa koleo, ingali moto, ikinukia karanga. Motere ikawaka mara moja, upesi kuliko siku zote. Mekanisye akasahau mafuta, akamupa Germaine kiganja kizima. Germaine akatazama mukono wake mweusi, akacheka. "Basi kila asubuhi utaniletea ile koti," akasema, "na karanga utanunua weye."