Maksai Niliowafungua Kilimani

Sherehe ya wakulima pale Nyabusozi ilikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na wajuzi wa kila jambo isipokuwa ng'ombe. Mashindano ya mikokoteni yalipangwa kuanza asubuhi, kungali na ubaridi. Mgeni rasmi akachelewa. Ikatolewa amri: maksai wabaki na nira shingoni, wamepangwa mstari, ili akifika akute mandhari ya kupendeza. Watu wazima, wafugaji tangu utotoni, tukasimamisha mifugo juani bila maji hadi saa saba. Alipofika, alihutubia kuhusu umuhimu wa mifugo.

Mikokoteni ilipakiwa viroba vya mchanga, tukaambiwa tupande kilima hadi kanisani na kurudi. Nilikuwa na maksai wawili tu, mwekundu na mweusi. Bila wao shamba langu la mahindi lisingelimwa msimu ule. Katikati ya kilima, mweusi akafungua mdomo. Ng'ombe hupumua kwa pua; hilo nililisoma katika vitabu vyangu vya ufugaji, ambavyo kijiji kizima kilinitania navyo. Akihema kwa mdomo, ulimi nje, ute ukining'inia, mwili umeshindwa kutoa joto. Nikavuta kamba, nikasimama.

Shemeji yangu, aliyekaa juu ya viroba, akaruka chini. "Shemeji, vipi? Wametutangulia wawili tu! Mchape!"

"Huoni mdomo ule?"

"Si anacheka tu!"

"Basi ingia wewe kwenye nira, mcheke pamoja."

Mshereheshaji akadaka kipaza sauti. "Jamani, mzee wa vitabu amekwama ukurasa wa kwanza!" Uwanja mzima ukacheka, kwaya ikiwemo. Nikafungua nira, nikaacha mkokoteni palepale, nikawaongoza maksai taratibu hadi kijitoni. Shemeji alibaki kulinda viroba, kana kwamba mchanga wa Nyabusozi huibiwa.

Mshindi alikuwa jirani yangu. Alipewa plau mpya na kupigwa picha na mgeni rasmi. Picha ikiwa bado inapigwa, mmoja wa maksai wake akaanguka nyuma ya jukwaa, hakuinuka tena. Mshereheshaji akatangaza kwamba amelewa ushindi. Jioni walimchuna, na kamati, kwa mara ya kwanza siku ile, ikawahi: ilikuwa ya kwanza kwenye mgawo wa nyama.

Mvua zilipoanza, mweusi alikuwa bado anahema akitembea kidogo tu. Sikumfunga nira. Nililima kwa jembe la mkono, na wapita njia wakauliza kama vitabu vyangu havina habari za plau. Sehemu kubwa ya shamba ilibaki majani.

Asubuhi moja jirani yule akaja, kofia mkononi.

"Jirani, huyu mwekundu wako si amekaa bure? Niazime nimfunge na wangu aliyebaki. Plau inaota kutu."

Nikamwonyesha jembe la pili, lililoegemea ukuta. "Azima hilo. Lenyewe halihemi."