Mzee Pazi, Baiskeli ya Baba na Kitanda cha Mgeta

Mzee Pazi, fundi cherehani wa Mwembesongo, alikuwa na mapenzi mawili yasiyopatana: kusaidia watu, na baiskeli ya marehemu baba yake. Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito kama kinu, haina gia, na breki iliyobaki ilishikiliwa na kipande cha ndara. Mwaka juzi aliiendesha kwenda Kinole ili watu wachangie madawati ya shule. Alifika kwa bodaboda, baiskeli kaipakata. Madawati yalipatikana hata hivyo, maana watu walicheka mpaka wakaona aibu kutochanga.

Safari hii hakutaka kuchekwa. Binti yake Mwanvita, aliyeolewa Mgeta, alijifungua mtoto wa kwanza juu ya benchi, kwa kuwa zahanati ya kijiji haikuwa na kitanda cha uzazi. Sasa mimba ya pili ilikuwa imetimia, na kila Pazi akiliwaza lile benchi, roho ilimuuma.

Akamwendea Salehe, mchomelea vyuma, mtani wake wa ukoo. Na mtani, kama mjuavyo, hata msibani anaweza kukunyang'anya sahani ya wali nawe ukacheka.

"Kitanda nitakichomelea bure," Salehe alisema. "Ila uende Mgeta na hiyo maiti ya baiskeli. Ukipanda gari hata hatua moja, nakilalia mwenyewe."

"Andaa vyuma!" Pazi akajibu mbele ya kijiwe kizima. Ulimi ulikuwa umeshamponza.

Siku ya safari, mpaka Sangasanga, kwenye lami, mambo yalikwenda. Hapo mlima ukaanza na mnyororo ukakatika, Pazi akashuka kusukuma. Mama mmoja, Bernadeta, aliyekuwa akipandisha na gunia la mbegu za viazi kichwani, akampita. Akapumzika, akampita tena.

"Shikamoo baba. Nikusaidie kuibeba?"

"Marahaba. Tangulia tu, mwanangu, mimi naangalia mandhari."

Kisha likaja lori la mboga, linarudi kutoka mjini, na juu ya turubai kakaa nani kama si Salehe!

"Panda, mtani! Huku kuna upepo!"

Tuseme kweli: Pazi alishashika bodi la lori. Magoti yake yalikuwa upande wa Salehe. Lakini akalikumbuka benchi, akaachia, akamtukana Salehe yeye na ukoo wake wote, jambo ambalo utani unaruhusu.

Alifika zahanati alasiri, baiskeli begani. Mwanvita alikuwa mlangoni. "Shikamoo baba." Akaitikia kwa kupunga mkono, akihema. Ndani aliona kitanda kipya cha kijani, na Salehe kando yake anakula pichi.

"Umekileta saa ngapi?"

"Si ndicho nilichokuwa nimekikalia kule kwenye lori, chini ya turubai? Nilikimaliza wiki iliyopita."

"Kwa hiyo hata nisingekuja..."

"Hata ungelala kwako Mwembesongo, mtani."

Pazi akataka kumtukana tena. Machozi yakamtangulia kwa furaha na hasira pamoja, akajitupa palepale kitandani.

"Kiko imara?" Salehe akauliza.

"Hakiyumbi hata kidogo," Pazi akasema, macho kayafumba.

Mwanvita akamshika bega, mkono mwingine kiunoni. "Baba, shuka upesi," akasema. "Uchungu umeanza."