Kompyuta Iliyowaita Waswalihina Watoro

Jamani, leo nimeiogopa kompyuta kuliko nyoka!

Meneja wetu hapa hotelini Diani ameletewa programu inayojifunza mahudhurio yetu, kisha inamwambia nani aachishwe kazi.

Asubuhi akatuita, akaiwasha.

Yakatokea majina ya wote wanaokwenda kuswali Ijumaa adhuhuri. Kumbe imewahesabu watoro!

"Mimi siamui," meneja akasema. "Imeamua yenyewe."

Bi Mwanasha, mpishi wetu, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hebu tazama jina la mwisho."

Lilikuwa lake meneja. Naye huswali Ijumaa, msikiti mmoja nao.

Jasho likamtoka.

Kisha akamgeukia karani aliyeketi kwenye kompyuta: "Lifute hilo langu. Mengine yaache."



Niambieni, mimi niendaye kanisani Jumapili, nitasalimika?