Msimamizi wa Zamu

Sylvester aliletwa kijijini kwetu kutoka Ipuli mwaka wa sabini na nne, akapewa kusimamia bani la kukaushia tumbaku. Alikuja na filimbi shingoni, na ninavyomjua mimi, kichwani hakuwa na kitu kingine. Alipuliza tuanze kazi, akapuliza tupumzike. Nyumbani alipuliza watoto waje kula, na aliyechelewa alilala na njaa hata kama alikuwa ametumwa maji. Mkewe, Veneranda, alikuwa akiomba ruhusa ya kupakua chakula alichokipika mwenyewe.

Tumbaku ya mwaka ule ilikuwa jasho la kijiji kizima. Jua lilishaunguza mahindi, kwa hiyo tumbaku ndiyo ingetununulia chakula. Majani yalikuwa yananing'inia banini, na moto wa tanuri haukutakiwa kuzimika hata kidogo mpaka yakauke.

Siku hiyo zamu ya kuchochea ilikuwa ya Mayala. Asubuhi mkewe alishikwa na uchungu, naye akampakia kwenye baiskeli kumkimbiza zahanati. Adhuhuri kuni zilikuwa zinakwisha tanurini. Shilinde, jirani wa Mayala, akaja na mzigo wa kuni.

"Shikamoo, bwana msimamizi. Nimekuja kuchochea, Mayala hayupo."

"Marahaba. Zamu yako lini?"

"Kesho kutwa."

"Basi urudi kesho kutwa."

Shilinde alidhani anataniwa. Sylvester akasimama mbele ya tanuri, mikono nyuma, akiukinga moto unaokufa usipate kuni. Kumsukuma msimamizi siku zile kulitosha mtu kuitwa mpinga Ujamaa. Sijawahi kuona mjinga anayejiamini namna ile. Mayala aliporudi jioni na habari za mtoto wa kike, majivu yalikuwa yamepoa. Siku chache baadaye tukatoa majani meusi, yamevunda.

Tukaitana mkutanoni. Sylvester alijitetea kwamba hakuvunja utaratibu wowote, na hapo alisema kweli. Tukamvua filimbi.

Alifika nyumbani watoto wameshakula. Akaketi kitini kwake, akangoja. Veneranda aliendelea kuosha sufuria.

"Mama Tekla, chakula kiko wapi?"

"Umechelewa, baba Tekla."

"Nilikuwa mkutanoni."

"Na Tekla juzi alikuwa kisimani."

Sisi majirani tulisikia, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mwezi uliofuata ghala zilikuwa tupu, na kijiji kizima kikalala kama Sylvester alivyolala siku ile, wala hakuna aliyekuwa amechelewa.